Sketi Ndefu Kuliko Zote

Jumatatu, 3 Februari

Shule imefunguliwa. Na Mlingoti amerefuka tena!

Nilidhani ni macho yangu. Likizo nzima tumelala chumba kimoja, tumekula meza moja, sikuona kitu. Leo asubuhi ndipo nilipoona, alipoinama kutoka mlangoni. Kuinama! Mlango ule ule aliokuwa akiupita bila kugusa hata unywele. Shangazi alisimama na birika mkononi, akamtazama binti yake kutoka juu mpaka chini, akasema, "Mungu wangu, unakwenda wapi wewe?" Naye akajibu, "Shuleni, mama." Tukacheka mpaka chai ikanipalia.

Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na yeye. Mabinamu. Wazazi wangu wanafanya kazi mbali, kwa hiyo tangu nianze sekondari nakaa hapa kwa Shangazi, darasa moja na binti yake, dawati moja. Nadhani siku ya kugawa urefu kuna mtu alichanganya mafungu yetu, akampa yeye la kwake na la kwangu juu. Ndiyo maana yeye ni Mlingoti na mimi ni Punje. Hata walimu wanatuita hivyo.

Getini alisimama Madam Rula. Mwalimu wa nidhamu — jina lake halisi nadhani hata yeye kalisahau. Ana ile rula ya mbao ya kuchorea ubaoni, kaishika kama askari na bunduki. Wavulana wanapita tu: shati ndani, mkanda, nenda. Wasichana tunapanga foleni. Sketi ishuke chini ya goti kwa upana wa kiganja. Mimi hanipimi. Sketi yangu inanifika karibu na soksi, naonekana kama kengele. "Pita, Punje. Mfano mzuri." Mfano wa nini, jamani? Sijafanya lolote. Ni mfupi tu.

Zamu ya Mlingoti, rula ikasimama hewani. Goti lote nje.

"Umeipunguza sketi."

"Sijaipunguza, Madam. Mimi ndiye nimeongezeka."

Foleni nzima ikacheka. Madam hakucheka. Kesho aje na pindo lililoshushwa, la sivyo asije.

Jumanne, 4 Februari

Jana jioni Shangazi alikunjua pindo. Yeye anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, kutwa nzima mashuka na pasi, na bado akirudi nyumbani anashika pasi kama vile hajaiona mwezi mzima. Alifumua uzi kwa ncha ya wembe, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Sketi ilipotandazwa mezani nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Ina rangi zake! Juu imepauka kama jivu. Kisha mstari — kijivu kidogo kilichokolea. Kisha mstari mwingine. Kisha chini kabisa, utepe ambao haujawahi kuona jua, mbichi kama siku ilipotoka dukani. Kila mstari ni mahali pindo lilipokuwa kabla ya kushushwa. Yaani kukua kwake kote kumeandikwa pale. Nikapitisha kidole. Nikasisimka mkono mzima, sijui kwa nini. Mwili unafanya kazi yote hiyo kimyakimya, mtu amelala, anakoroma, hajui!

Shangazi akasema hapo ndipo mwisho, kitambaa kimekwisha. "Ukirefuka tena, urefuke akili peke yake."

Leo getini: Madam alipima, akakunja uso, akapima tena. "Kwa leo." Tukapita mbio kabla hajabadili mawazo.

Alhamisi, 6 Februari

Sketi imefuliwa, ikajikunyata. Au yeye kaongezeka tangu juzi. Kwake yeye lolote linawezekana.

Madam akamwambia apige magoti. Hicho ndicho kipimo cha pili: ukipiga magoti, sketi iguse chini. Pale pale getini, kwenye saruji, shule nzima ikipita. Mlingoti akaweka begi chini, akapiga magoti. Sketi ikabaki hewani. Na mimi niliyesimama pembeni yake — nimesimama, sijapiga goti — macho yangu na yake yalikuwa sawasawa. Akanikonyeza. Pale chini! Mtu kadhalilishwa mbele za watu, bado ana nafasi ya kunikonyeza mimi nisilie. Sijui mtu anatoa wapi moyo wa namna hiyo.

Wakati ule ule akapita Kapteni, yule wa darasa letu anayecheza kikapu. Suruali yake imeishia juu ya vifundo, soksi zote nje. Yeye naye karefuka likizo. Mwalimu wa zamu akampiga begani, akacheka: kijana unakua, mwambie baba akutafutie nyingine. Basi. Akapita.

Nimelifikiria jambo hili somo zima la jiografia. Wamerefuka wote wawili. Mmoja kapigwa begani, mwingine yuko magotini.

Jumamosi, 8 Februari

Tulikwenda duka la sare. Ni moja tu, huruhusiwi kushona kwingine. Sketi lazima iwe na ule utepe wa shule kiunoni, na utepe wanao wao peke yao. Shangazi alitangulia, ana hasira ya kutembea haraka. Mwenye duka akatoa kubwa kuliko zote. Mlingoti akaingia nyuma ya pazia, akatoka — lo! Upana ungetutosha watatu. Urefu ule ule.

Mwenye duka akaeleza kwamba saizi zinaongezeka kiuno, sio urefu. Ndivyo kiwanda kinavyokata. Shangazi akamuuliza, kwani huko kiwandani wasichana wanarefuka upande? Mwenye duka akacheka, akasema mama, mimi nauza tu.

Mlingoti alikuwa anatazama rafu ya upande wa pili.

Jioni Shangazi ameunga kipande cha kitambaa chini ya sketi. Alikitafuta mji mzima kijivu kinachofanana. Hakifanani sana. Lakini mshono wake! Huwezi kuuona mpaka uusogelee puani.

Jumatatu, 10 Februari

Imekataliwa.

"Kiraka si sare," alisema Madam Rula. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kama mtu anayesoma saa ukutani. Arudi nyumbani, asirudi bila sare kamili, mzazi aitwe Alhamisi. Na wiki ijayo, Jumatatu, ndiyo mtihani wa majaribio! Asiyefanya wa majaribio hasajiliwi wa mwisho. Kila mtu anajua hivyo. Nilimwona Mlingoti akitembea kuelekea barabarani peke yake, na kile kipande cha chini kikipepea. Hakugeuka.

Nilitaka kumwambia Madam kitu. Nilikuwa na sentensi yote kichwani. Nikafungua mdomo, ikatoka, "Shikamoo."

Jioni nimeivaa ile sketi yake, tulikuwa tunafanya mchezo tu. Imenipita miguu! Imelala sakafuni, nimeikanyaga, nimeanguka juu ya kitanda. Tukaipima na ya kwangu ubavu kwa ubavu. Kisha nikakumbuka za wenzetu wote darasani, wa kati, wafupi, wanene. Hakuna. Hakuna hata mmoja mwenye sketi inayofikia hii. Msichana aliyefukuzwa kwa sketi fupi ndiye mwenye sketi ndefu kuliko zote shuleni.

Tukakaa tukiitazama pale kitandani. Kama vile imesema kitu.

Ndipo Mjomba akaingia. Mumewe Shangazi, mimi namwita Mjomba. Fundi rangi. Ana rangi mpaka kwenye kope, na urefu wa Mlingoti ni wake yeye — wateja wake wanamtania kwamba hana haja ya ngazi. Huwa haongei. Alitutazama, akazitazama zile sketi mbili, akauliza, "Sasa mwenye sketi fupi hapa ni nani?" Akatoka kwenda kuoga.

Jumanne, 11 Februari

Dawati liko nusu. Sijui nikae katikati au pembeni. Nimenakili kila kitu mara mbili, daftari langu na lake. Fizikia tumefanya saketi. Hiyo ndiyo anaipenda, maana anataka kuwa fundi umeme wa nguzoni, wale wanaopanda juu na mikanda. Si wa kwanza darasani, wala si wa pili. Ila ukimpa waya na betri anatulia kama mtoto aliyepewa titi.

Nilipofika nyumbani alikuwa amefungua tochi mbovu ya baba yake na kuitengeneza, inawaka.

Alhamisi, 13 Februari

Niandike taratibu, nisisahau hata neno.

Mjomba hakwenda kazini. Alivaa koti lake, lile moja. Nikaambiwa na Mkuu niwapeleke ofisini yeye na Mlingoti, kisha nikae kwenye benchi nje. Mlango haukufungwa. Ungefungwa vipi, kitasa kimekufa tangu mwaka juzi.

Mkuu wa shule ni mtu wa sauti laini. Alimkaribisha Mjomba vizuri, akamwita mzee wangu. Akasema hana ugomvi na binti, tabia yake ni njema, ila sheria ni moja kwa wote, leo akimwachia huyu kesho wote wanakuja na magoti nje. Alizungumza muda mrefu. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, urefu huo ni wangu mimi. Kama ni kosa, nimelifanya kabla huyu hajazaliwa. Basi niadhibu mimi, yeye aende darasani."

Hakupandisha sauti. Nilishikilia benchi kwa mikono miwili. Huyu ni Mjomba, ambaye akitaka chumvi mezani anaionyesha kwa kidole!

Mkuu akakohoa. Ndipo Madam Rula akaongea, na sikutegemea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mzee, unadhani napenda kushika rula? Nje ya geti hili kuna vibanda, kuna madereva, kuna wanaume wazima wanaokaa pale kutwa. Nawasikia wanavyowapigia wasichana wangu miluzi. Nasikia wanayowaambia. Siku likitokea jambo, mama atakuja kulia mbele yangu mimi. Nitamwambia nini? Mimi nawalinda hawa."

Wasichana wangu! Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Na nilimwamini. Miaka yote nilifikiri anatuchukia, kumbe anaogopa kwa niaba yetu. Nilikaa pale nikimwogopa na kumhurumia kwa pamoja, moyo haukujua ushike lipi.

Kisha nikasikia sauti ya Mlingoti. Ya kawaida, ile ile ya kuomba kalamu.

"Madam, wanaotazama ni wao. Mbona tunaopimwa ni sisi?"

Nikasikia feni. Nikasikia chaki ikigonga ubao darasa la mbali. Nilichungulia — najua si adabu — nikamwona Madam amegeukia dirishani, upande wa getini. Rula imelala juu ya meza ya Mkuu.

Si kwamba alisema kwa jeuri. Angesema kwa jeuri wangepata pa kumshikia. Aliuliza kama anavyouliza kwenye fizikia, kwa nini mkondo unapita huku na sio kule. Alitaka kujua.

Mkuu ndiye aliyemaliza. Jumatatu aje na sare kamili ya shule hii, goti lisionekane, atafanya mtihani. Bila hivyo hataingia chumbani. "Sare ya shule hii, goti lisionekane." Alilirudia.

Njiani Mjomba alitembea katikati yetu, mkono mmoja kwenye bega la binti yake. Mkono mwingine ulinifikia kichwani mimi, kama mtu aliyeshika fimbo ya kutembelea. Nyumbani Shangazi akauliza wamesemaje. Mjomba akasema, "Muulize mwanao. Leo yeye ndiye kasema." Akavua koti.

Ijumaa, 14 Februari

Madam Rula aliniita baada ya kengele. Akaniuliza: yule dada yako anasoma huko nyumbani? Nikasema anasoma, Madam. Anakula? Nikasema anakula, Madam, tena sana. Mdomo wake ukacheza kidogo.

Akatoa maswali ya marudio ya fizikia. Kayachapa mwenyewe, na yeye hata si mwalimu wa fizikia! "Mpe. Mwambie aanze na saketi, asiparamie hesabu." Nikapokea kwa mikono miwili. Akaniambia niende, kisha akaniita tena: nisiseme kwa watu.

Sisemi. Naandika tu.

Mtu mmoja anamfungia nje, na mtu yule yule anapenyeza maswali chini ya mlango. Nimejaribu kumwelewa nimeshindwa.

Jumamosi, 15 Februari

Sasa najua alichokuwa anakitazama dukani.

Suruali!

Rafu ya upande wa pili ni ya wavulana. Kijivu kile kile, kitambaa kile kile, utepe ule ule wa shule kiunoni. Na suruali zao zinaongezeka urefu! Kila aina — fupi, ya kati, ndefu, ndefu zaidi. Yaani kiwanda kinajua kabisa kwamba kuna watu wanarefuka, ila kinadhani ni wavulana tu.

Alinivuta mkono asubuhi tukarudi wawili, Mjomba katupa ruhusa na pesa. Mwenye duka akauliza ni ya kaka? Mlingoti akasema ni ya mtihani. Akaingia nyuma ya pazia. Mimi nikakaa na viatu vyake.

Alipotoka nikampa viatu, akavivaa. Ilimkaa kama imekatwa juu yake. Ilishuka, ikashuka, ikafika kwenye kiatu, ikatulia. Hakuvuta chini. Nikagundua kwamba sijawahi kumwona binamu yangu amesimama bila kuvuta nguo chini. Kila siku mkono mmoja unavuta sketi, mgongo umepinda kidogo, magoti yamelegea, ili apungue. Leo mgongo ulinyooka. Akawa mrefu zaidi! Mwenye duka aliacha kukunja mashati.

"Unaonaje, Punje?"

Nikasema, "Nakuona wewe." Jibu la kijinga. Lakini ndilo lilikuwepo.

Jumapili, 16 Februari

Vita nyumbani. Shangazi hataki hata kuiona. Atawachekesha watu. Atafukuzwa moja kwa moja. Mtoto wa kike na suruali ya shule, nani kaona wapi? Huko hospitalini wauguzi wanavaa, Mlingoti akamkumbusha. Hao ni wauguzi! Basi hata wewe mama kazini unavaa. Hiyo ni kazi! Na mtihani ni nini, mama?

Shangazi akatoka nje kwa kishindo, akaanua nguo ambazo hazijakauka. Baadaye nikamwona uani, kaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, shuka limemlalia mapajani. Nikaenda kukaa naye. Akasema, kama anajisemea, kwamba yeye akiwa wa umri wetu aliambiwa afunge kitambaa kifuani, maana ameota matiti mapema na wavulana hawatasoma. Alifunga mpaka akawa hapumui vizuri. "Nikafunga tu. Sikuuliza." Hakuniangalia. Nikamshika mkono, mkono wenye ngozi ngumu ya sabuni.

Jioni ameweka blanketi mezani, akawasha pasi. Hakumwita mtu. Amenyunyiza maji, ameipiga ile suruali mkunjo mmoja mbele, mkunjo mmoja nyuma, mkali wa kukata mkate. Ameining'iniza mlangoni, akarudi nyuma, akaitazama.

"Kama atafukuzwa," amesema, "atafukuzwa amenyooka."

Jumatatu, 17 Februari

Naandika hapa chini ya ngazi, mapumziko kati ya karatasi ya kwanza na ya pili. Nikisubiri jioni nitaharibu.

Getini. Tulifika foleni ikiwa ndefu. Hakuna aliyecheka! Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nimekaza meno. Badala yake sauti zilizimika moja moja, kama taa za mtaa mzima. Wasichana wa vidato vya chini waligeuka wote. Mmoja aliyekuwa anavuta sketi yake akabaki ameishika. Mlingoti alitembea katikati yao, shati jeupe, ule mkunjo wa Shangazi ukikata hewa, na nilihisi kitu ambacho huwa nakihisi nikisimama karibu sana na treni inapopita. Mimi nabeba kalamu zake. Basi, kalamu tu, lakini nilijiona nimebeba bendera.

Madam Rula akainua rula. Ikafika magotini pake. Ikakaa pale haina kazi.

"Hii ni nini?"

"Sare, Madam. Ya shule hii. Goti halionekani."

"Ya wavulana."

"Mkuu hakusema ya nani, Madam. Alisema ya shule hii."

Madam alimtazama. Ilibidi ainue uso, sote inabidi. Akasema, "Nenda kwa Mkuu." Lakini hakumpeleka yeye. Alibaki pale, akaanza kuwapitisha wengine bila kuwapima, kama amesahau.

Kengele ya mtihani ikalia, dawati langu nusu. Karatasi za fizikia zikagawiwa. Nikamwona Mlingoti mlangoni, na Mkuu mbele yake. Sauti laini kama kawaida. Hakuna mwanafunzi asiye na sare yake atakayeingia katika chumba hiki cha mtihani. Sheria hiyo si yake, ni ya bodi. Atalipeleka kwa bodi, watajibu. Lini? Watajibu. Akaondoka na funguo zake zikilia.

Mlingoti hakulia. Aliegemea nguzo ya veranda. Mkono wake ukashuka, ukatafuta pindo la kuvuta — haupo! Ukabaki wazi.

Na ndipo Madam Rula akatokea upande wa stoo, anaburuta dawati. Peke yake! Viatu vya kisigino, dawati la chuma, sakafu inapiga kelele, darasa zima limegeuka na msimamizi hata hatuambii tugeuke mbele. Akaliburuta mpaka mlangoni. Miguu ya mbele ya dawati ikagusa kizingiti. Hapo akaliacha. Nje ya chumba! Nje kabisa, ila ukinyoosha mkono uko ndani.

Akapangusa kiti kwa kanga ya begani. "Kaa."

Mlingoti akakaa. Magoti yakagonga dawati, kama kawaida.

Madam akaingia ndani, akachukua karatasi juu ya meza ya msimamizi, hakuomba, akatoka, akaiweka mbele yake. Nikamsikia vizuri, maana niko dawati la karibu na mlango: "Mkuu amesema chumbani. Hapa si chumbani. Anza na saketi."

Sikumbuki nimejibu nini maswali ya kwanza. Nilikuwa naandika huku ngozi ya kichwa inanisisimka. Kila nikiinua macho namwona pale kwenye mwanga, kainama, kalamu inakwenda. Upepo ulitaka kumpeperushia karatasi, Madam akaweka rula juu yake izuie. Kisha akasimama pembeni, mikono nyuma, saa nzima na zaidi. Jua lilipofika alisogea upande wa pili, likampiga yeye mgongoni.

Wale wa kidato cha kwanza walikuwa wanapita kwenda maktaba. Walipita kwa ncha za vidole. Hakuna aliyewaambia.

Sasa ni mapumziko. Karatasi ya kwanza imekusanywa, ya kwake pia, ila nimeona msimamizi ameiweka pembeni, haikuingia bahasha moja na zetu. Sijui maana yake. Nimemuuliza Mlingoti ilikuwaje, akasema swali la saketi lilikuwa tamu. Tamu! Amekula mkate wangu wote.

Hajatoka pale kwenye dawati. Ameambiwa na Madam asiondoke, asije akakuta limeondolewa. Kutoka hapa chini ya ngazi nawaona wote wawili.

Mkuu ametoka ofisini. Yuko na mtu mwingine mwenye tai, nadhani wa bodi. Wanakuja kwenye veranda. Hawana haraka. Watu wameanza kujipanga kando ya ukuta, wasichana wengi, hakuna aliyewaita. Shangazi yuko getini! Na sare yake ya kazi, suruali ya bluu, kofia ya kufulia bado kichwani — ametoroka zamu! Mlinzi anamzuia, naye anaonyesha kidole huku.

Kengele ya karatasi ya pili imelia. Lazima nikimbie.

Wamefika kwenye dawati. Mkuu anasema kitu. Mlingoti anataka kusimama, na Madam Rula ameweka mkono begani mwake, amemkalisha. Yeye ndiye anayejibu. Siwasikii. Mkuu ananyoosha mkono kulivuta dawati upande mmoja, na Madam amelishika upande wa pili, haachii.